Ugoko wa kushoto: kisa cha kuruta mmoja wa Matondoni

Kijana aliondoka Mokowe, gati la bara ng'ambo ya kisiwa cha Lamu, kwa basi la alfajiri. Alikuwa na miaka 20, barua ya wito wa jeshi mfukoni, shati jipya alilonunuliwa na mamake, na maumivu ya mahali pamoja tu katika ugoko wa mguu wa kushoto. Habari ya barua ilijulikana Matondoni nzima, kijijini kwao kisiwani Lamu. Maumivu tuliyajua watatu: mwenyewe, bibi yake aliyekuwa akimkanda usiku, na mimi mjomba wake, niliyembonyeza kwa kidole gumba nikamwona akiuma meno, nisiseme neno. Hata miezi mitatu haijatimia, alivuka tena maji kutoka Mokowe, safari hii kwa magongo.

Ameniruhusu kukisimulia kisa hiki bila kulitaja jina lake. Mimi ni mwalimu wa michezo hapa Malindi, na kila mwaka vijana wa mtaani hunijia na swali moja: mafunzo ya kuruta ni magumu kiasi gani? Wanachotaka kusikia ni hesabu. Pushapu ngapi, kilomita ngapi, usiku ngapi bila kulala. Zamani nilikuwa nikiwajibu kwa hesabu hizo hizo. Siku hizi nawaeleza mguu wa mpwa wangu, kwa sababu nimeona kwamba kigumu cha mafunzo yale hakimo katika zoezi lolote moja. Kimo katika jumla yake, na katika kile ambacho kijana hathubutu kukisema.

Mwili uliojengwa na bahari

Babake ni nahodha wa mashua. Mtoto alianza kupanda chomboni wakati wa likizo akiwa shule ya msingi, na alipomaliza kidato cha nne akawa baharia kamili. Anayeijua kazi ile anajua inavyomfanya mtu: kuvuta henza, kamba ya tanga, mpaka foromali, mti wa tanga, ifike juu, kuchota ngama, maji ya ndani ya chombo, kupakua mawe na mchanga, kukalia ubao nje ya ubavu wa chombo upepo wa kusi unapokaza. Alikuwa na mabega mapana na pumzi ya mpiga mbizi. Kukimbia pia alikimbia, peku, katika ufuo wa Shela wenye urefu wa kilomita kama 12, na wakati mwingine akipanda na kushuka yale machuguu ya mchanga nyuma yake.

Lami hakuikanyaga. Hili linaonekana dogo, lakini kisa chote kinazunguka hapo. Amu, yaani Lamu, ni kisiwa cha vichochoro, punda na mchanga. Mtoto wa Matondoni akienda mjini hupanda chombo au hupita njia ya mchanga. Miguu yake ilikuwa na nguvu za kushikilia sitaha inayoyumba, na nyayo ngumu kama kwato, lakini mfupa wake wa ugoko haukuwa umewahi kupigwa na ardhi ngumu mara elfu moja kwa siku, sembuse elfu nne.

Siku ya usajili alitimiza kila sharti: umri wa kati ya miaka 18 na 26, urefu usiopungua mita 1.60, uzito wa kilo 54.55 au zaidi kwa mwanamume, na alama ya D au zaidi katika KCSE, mtihani wa kidato cha nne. Yeye alikuwa na kilo 61. Katika mbio alimaliza miongoni mwa wa kwanza. Madaktari wakamtazama meno, macho, kifua na nyayo, na jioni akapewa barua. Usajili ule hufanyika kituo kimoja kwa siku moja, vijana hujitokeza kwa mamia, na wanaorudi nyumbani na barua huhesabika kwa vidole. Mlikumbuke hilo mbele, maana ndilo lililomfunga mdomo.

Yeye alitaka jeshi la wanamaji. Amekua akiona vyombo vya kijeshi vikipita kuelekea Manda Bay, na alikuwa mtoto mdogo mwaka 2011, wageni walipotekwa Kiwayu mwezi wa Septemba na Manda mwezi wa Oktoba, na majeshi yetu yakavuka mpaka kuingia Somalia mwezi huo huo wa Oktoba. Tangu hapo askari amekuwa sehemu ya mandhari ya Lamu. Kwa hiyo jamaa wengi walidhani atapelekwa Mtongwe, kambi ya wanamaji ya Mombasa, karibu na nyumbani, penye chumvi na upepo aliouzoea. Sivyo. Kuruta wa nchi kavu, wa anga na wa majini wote huanzia shule moja ya makuruta katika kambi ya Moi, Eldoret, mita zipatazo 2,100 juu ya usawa wa bahari. Baharia wetu alikuwa anakwenda kwanza kuishi juu ya ardhi iliyo kavu kabisa.

Wiki saba za Malindi

Barua ilimpa wiki saba. Mamake akampeleka kwangu nimtengeneze. Nami nikamkabidhi kwa kundi la vijana wanaofanya mazoezi ya jeshi kila alfajiri, nikaona nimemaliza kazi. Hapo ndipo palipo kosa la kwanza, nalo ni langu. Vijana wale wana bidii kubwa. Baadhi yao wamejaribu usajili mara mbili na tatu wasichukuliwe, na bidii yao imechanganyika na hasira. Saa kumi na moja alfajiri wako kwenye lami ya barabara ya Watamu, kilomita nane, siku sita kwa wiki. Jioni kuruka chura na kupanda ngazi. Wiki ya pili walivaa buti za mtumba zenye soli kama mbao. Wiki ya tatu wakaongeza begi la mchanga wa kilo 15 mgongoni.

Pumzi haikumsumbua hata kidogo. Kukimbia mchangani hula nguvu karibu mara 1.6 ya kukimbia mahali pagumu, kwa hiyo mtu aliyezoea Shela akiwekwa kwenye lami hujiona ana mabawa. Mpwa wangu aliwaongoza wenzake tangu siku ya kwanza. Mimi nilikuwa nikisimama kando ya barabara na dumu la maji, nikimtazama anavyopita, nikifurahi. Ni mwalimu wa michezo, na sikujiuliza swali ambalo ningemuuliza mwanafunzi yeyote: juzi alikuwa akikimbia kiasi gani, na wapi?

Tufanye hesabu ambayo sikuifanya wakati ule. Mkimbiaji wa kawaida hupiga hatua ya mita moja hivi. Kilomita nane ni hatua 8,000, yaani mapigo 4,000 kwa kila mguu, na kila pigo huupa mguu uzito wa mara mbili hadi tatu ya mwili mzima. Kwa kijana wa kilo 61 hilo ni pigo la kilo zipatazo 150. Kwa siku sita, mguu mmoja ulipokea mapigo 24,000. Wiki moja kabla ulikuwa umezoea mchanga unaolegea na kumeza pigo. Kisha ukaongezewa buti, kisha begi.

Mfupa ni kitu hai. Unapopigwa kwa namna mpya hujijenga upya, lakini haujengi kabla ya kubomoa. Watu wa Matondoni wataelewa haraka kuliko wengine, kwa kuwa kazi hii wanaiona ufuoni kila siku: fundi hawezi kutia ubao mpya kabla hajaung'oa uliooza. Kati ya kung'oa na kupiga kalafati, yaani kuziba mianya ya mbao, chombo hukaa juu ya magogo kikiwa na uwazi ubavuni. Siku hiyo ndiyo kilipo dhaifu zaidi, ingawa fundi yuko kazini na kila mtu anaona kazi inaendelea. Katika mfupa, kung'oa huchukua kama wiki tatu, na kujaza huchukua miezi mitatu au zaidi. Moyo na mapafu huwa vimeshazoea kitambo. Misuli nayo huzoea mapema. Kijana hujisikia ana nguvu kuliko wakati wowote wa maisha yake, na wakati huo huo ugoko wake uko juu ya magogo.

Wiki ya tatu alianza kuhisi kitu. Mwanzoni kilikuja mwisho wa mbio na kuondoka akipumzika. Wiki ya tano kilikuja tangu mwanzo wa mbio na hakikuondoka. Wiki ya sita nilimwona akishuka ngazi za nyumba yangu kwa ubavu, mguu mmoja mbele kama mzee. Nikamkalisha.

"Panauma wapi?"

"Hapauma sana, mjomba."

"Nionyeshe."

Akaweka kidole kimoja, sentimita kama 12 chini ya goti, upande wa ndani. Ningependa kila mzazi ayajue haya. Maumivu ya msuli uliochoka mtu huyaonyesha kwa kiganja kizima, akipapasa juu na chini. Maumivu ya mfupa huyaonyesha kwa ncha ya kidole. Nilibonyeza pale pale, akauma meno. Nikamwambia aruke kwa mguu huo mmoja. Aliruka mara moja, mara ya pili akaushusha mwingine.

Tulikwenda kupiga picha katika hospitali moja. Picha ilikuwa safi, na alitoka pale akicheka. Nami nilicheka naye, ingawa nilijua, kwa kuwa nilifundishwa hivyo chuoni, kwamba ufa wa aina hii mara nyingi hauonekani kwenye eksirei katika wiki mbili tatu za mwanzo. Huonekana mfupa unapoanza kujiunga. Kipimo cha MRI kingeuonyesha mapema, lakini kipimo hicho ni ghali, na zaidi ya gharama, hakuna aliyetaka kuonyeshwa. Tulikuwa tumebakiwa na siku tisa.

Aliporudi Matondoni kuaga, bibi yake alimkanda kwa mafuta ya simsim usiku tatu mfululizo. Usiku wa pili akasema, "Hini si nyama, mwanangu. Hini ni mfupa." Amekanda watu miaka 50 na hakuhitaji picha. Kijana alimshika mkono akamwomba asimwambie mamake, kwani mbuzi ameshanunuliwa na watu wameshaalikwa kwenye dua. Bibi akanyamaza kwa mapenzi. Mimi nilinyamaza kwa woga. Niliogopa kuwa mtu aliyemnyang'anya mtoto wa dada yangu nafasi ambayo haiji mara mbili.

Aliyoyakuta

Hapa ninaandika aliyonisimulia mwenyewe, baada ya kurudi, jioni nyingi kibarazani. Simulizi yake haikuanza na mbio. Ilianza na usingizi.

Alisema siku haikuwa na mwanya. Unaamka kabla ya jua, unatandika kitanda kwa namna moja tu inayokubaliwa, unasafisha, unajipanga, unakaguliwa, unakimbia, unakula upesi, unapiga kwata kwenye uwanja mgumu mpaka jua liwe utosini, unaingia darasani ambako macho yanafumba yenyewe, unatoka tena. Usiku, wakati wengine wa rika lako nyumbani wanapiga soga barazani, wewe unapiga buti rangi. Hakuna dakika unayoichagua wewe. Simu hakuna. Faragha hakuna. Kwa kijana wa Amu, aliyelelewa kushusha sauti mbele ya mkubwa na kutanguliza maamkizi kabla ya jambo lolote, kupigiwa kelele karibu na uso ilikuwa kama kumwagiwa maji ya baridi. Wenzake waliicheka lafudhi yake siku za kwanza, kisha wakazoea, kisha wakawa ndugu. Hilo la undugu alilirudia mara nyingi, na kila mara sauti yake ilibadilika.

Kisha hewa. Kwenye mita 2,100, kanieneo ya hewa ni kama asilimia 78 ya ile ya pwani. Kila pumzi inaleta oksijeni pungufu kwa karibu moja ya tano. Mwili huanza kuzoea katika wiki mbili tatu, lakini mtoto wa pwani akikimbizwa bega kwa bega na aliyezaliwa huko huko juu, Uasin Gishu, wiki hizo ni ndefu. Yeye aliyewaongoza vijana wa Malindi alijikuta katikati, akifungua mdomo. Usiku baridi ilimwingia. Hakuwa amewahi kulala mahali ambapo pumzi ya mtu inaonekana.

Nilimuuliza kilicho kigumu kuliko vyote. Nilitarajia ataje kutembea na mzigo. Akasema, "Kusimama, mjomba." Kusimama wima kwenye gwaride bila kutikisika, mguu ukidunda, jasho likiingia machoni, na kujua kwamba hakuna mtu aliyekukataza kusema unaumwa, ila wewe mwenyewe.

Maana walikuwa wameambiwa. Hili nataka lisomwe vizuri, kwa kuwa watu walipoona magongo walianza kuwalaani wakufunzi. Makuruta waliambiwa waseme wakiumwa. Lakini aliyewaona mamia ya watu wakibaki nyuma ya kamba siku ya usajili, akachaguliwa yeye, anasikia neno hilo kwa sikio jingine. Anadhani kila anayekwenda kwa daktari anahesabiwa. Anawaza mbuzi aliyechinjwa. Alifunga ugoko kwa kitambaa, juu yake soksi mbili, akakaza buti.

Wiki ya tano, katika kutembea na mzigo, wakiwa wanarudi, alisikia mguuni kitu kama kijiti kikavu. Alitembea bado. Anasema kama kilomita moja. Alipofika alishindwa kuvua buti, na mkufunzi alipomwona uso alimpeleka kwa daktari saa ile ile. Daktari akamuuliza: tangu lini? Hapo, kwa mara ya kwanza, akasema kweli: tangu Malindi.

Ufa ulikuwa umepita upande mpaka upande. Akatibiwa, akapumzishwa, na mwisho akarejeshwa nyumbani kwa sababu za kiafya.

Jeshi si jipya kwa ugonjwa huu

Mwaka 1855 daktari wa jeshi la Prussia aliyeitwa Breithaupt aliandika kuhusu askari waliovimba nyayo baada ya safari ndefu za miguu. Eksirei ilikuwa haijagunduliwa, ilikuja mwaka 1895, na ndipo ikaonekana kwamba ndani ya nyayo zile mlikuwa na mifupa yenye ufa. Kwa hiyo majeshi yana zaidi ya karne moja na nusu ya kuujua ugonjwa wa mpwa wangu, na yaliyojifunza yananiuma kwa sababu mengi ningeyatumia kabla hajaondoka.

Utafiti uliochapishwa mwaka 1985 ulifuatilia makuruta 295 wa jeshi la Israeli, na asilimia 31 yao walipata nyufa za namna hii. Karibu mmoja kati ya watatu. Madaktari wa jeshi hilo wakahangaika miaka 25. Walijaribu viatu, walijaribu soli, walijaribu mengi. Kilichofanya kazi hatimaye kilikuwa mambo mawili ya kawaida kabisa: kuruta alale si chini ya saa sita kila usiku, na jumla ya kilomita za kutembea ipunguzwe. Nyufa zikapungua kwa zaidi ya asilimia 60. Mazoezi hayakufutwa, na askari hawakuwa laini. Jumla ndiyo iliyopunguzwa, na usingizi, ambao ndio wakati fundi wa mfupa anapofanya kazi yake, ukalindwa.

Madaktari hao hao walitazama makuruta walivyoishi kabla ya kuingia kambini. Waliokuwa wakikimbia tu hawakupata kinga ya maana. Waliocheza mpira, hasa wa kikapu, kwa miaka isiyopungua miwili kabla ya kuingia, walipata nyufa chache zaidi kwa wazi kabisa. Mchezo wa mpira humrusha mtu juu, humgeuza kushoto na kulia, humsimamisha ghafla, na mfupa unapigwa kutoka kila upande, kidogo kidogo, kwa miaka. Mimi nina uwanja wa kikapu mita 40 kutoka dirisha la ofisi yangu. Kwa wiki saba mpwa wangu aliupita akienda barabarani.

Chakula nacho kina neno. Mwaka 2008 ulitolewa utafiti juu ya makuruta wanawake 5,201 wa jeshi la majini la Marekani. Waliopewa nyongeza ya kalisi na vitamini D walipata nyufa pungufu kwa asilimia 20. Jua kwetu tunalo la kutosha. Kalisi ndiyo inayoweza kupungua kwa kijana anayeishi kwa chai ya rangi na mahamri asubuhi, na wali usiku. Samaki wadogo wanaoliwa na mifupa yao wako tele sokoni na ni rahisi, lakini vijana wetu wanawaona ni chakula cha wazee.

Waliyoyasema watu

Aliporudi, mtaa ulikuwa na maelezo mawili. La kwanza kwamba amefukuzwa. La pili, lililonichoma zaidi, kwamba ndivyo walivyo watu wa pwani, legelege, hawawezi kazi ngumu. Mwanamume mmoja mzima alilisema mbele ya mamake, barazani, akinywa kahawa.

Nalijibu hapa kwa kuwa siku ile nilishindwa. Kijana aliyetembea kilomita moja na mzigo mgongoni juu ya mfupa uliovunjika si legelege. Kama angekuwa legelege angelalamika wiki ya tatu kule Malindi, akapumzika wiki sita, na leo angekuwa amevaa sare. Ugumu wake ndio uliomvunja, pamoja na haraka yetu sisi tuliomzunguka.

Sisemi mafunzo yafanywe mepesi. Askari atabeba mzigo, atakosa usingizi, ataelekezwa bunduki na mtu anayetaka kumuua, na ni dhulma kumpeleka huko bila kumzoesha. Lamu tunajua vizuri kuliko wengi kwamba vitisho hivyo si hadithi. Ninachokipinga ni wazo kwamba mwili unaweza kusukwa kwa wiki saba kwa sababu barua imesema wiki saba. Maandalizi yanapaswa kuanza kabla ya barua, mwaka mzima ikiwezekana, na wiki za mwisho ziwe za kupunguza mazoezi. Sisi tulifanya kinyume chake: miaka bila kitu, kisha tukamwaga yote kwa pamoja.

Mguu ulipona. Anatembea sawa, amerudi chomboni na babake. Lakini kuna mdogo wake, mwenye miaka 18, ambaye naye anataka kwenda, na kaka mtu ndiye anayemtayarisha. Wanakaa kwangu. Mimi natoa ushauri nikiulizwa.

Mpango wao ni wa miezi kumi. Miezi miwili ya kwanza kijana alitembea tu, juu ya barabara ngumu, na kucheza kikapu jioni mara tatu kwa wiki pamoja na watoto wa shule. Kisha mbio fupi, siku moja mbio, siku moja bila, na kila wiki ya nne wanapunguza. Buti alizivaa kwanza kwenda dukani na msikitini, baadaye kwa matembezi, bado hajazikimbilia. Mzigo utakuja mwisho na utaanza na kilo tano. Saa tatu usiku taa inazimwa, ili kuamka saa kumi kusiwe deni. Yote yanaandikwa kwenye daftari la shule lenye jalada la buluu: umbali, usingizi, na safu ya tatu iliyoandikwa "pauma?" ambayo ni lazima ijazwe kila siku, hata kama ni kwa neno "la".

Nilisisitiza jambo moja, apimwe selimundu, ule ugonjwa wa damu wa kurithi. Pwani yetu, kwa sababu ya malaria ya vizazi na vizazi, ina watu wengi wanaobeba urithi huo bila kuumwa. Utafiti wa mwaka 2016 juu ya wanajeshi weusi 47,944 wa Marekani ulionyesha kwamba wanaoubeba hawafi zaidi ya wenzao, lakini hatari ya misuli yao kuvunjika kwa mazoezi makali iko juu kwa asilimia 54. Dalili yake ni maumivu makali ya misuli, udhaifu, na mkojo wa rangi ya kahawa, na mtu akiona hivyo anatakiwa hospitali siku hiyo hiyo. Majibu ya kijana yalikuwa salama. Lakini angekuwa anaubeba, ni bora ajue hapa kuliko kujulia huko.

Jumanne iliyopita niliwafuata kwa baiskeli kwenye barabara ya Watamu. Kilomita ya tatu mdogo mtu akapunguza mwendo, akasimama.

"Kaka, mguu unaniuma."

Zamani, katika barabara hii hii, neno hilo lingechekwa. Kaka yake alirudi nyuma, akapiga magoti juu ya lami, akamvua kiatu na soksi.

"Wapi?"

Kijana akapapasa shavu la mguu kwa kiganja kizima, juu na chini. Kaka mtu akabonyeza ugoko hata hivyo, sentimita baada ya sentimita, kuanzia chini ya goti mpaka kifundo, akimtazama usoni kila alipobonyeza. Alipomaliza alimvisha soksi, akatoa daftari kwenye mkoba, akaandika. Kisha wote wawili wakageuka, wakarudi nyumbani wakitembea.